Kuti Changa

Siku tatu melini, toka Tual,
nililala kati ya mifuko ya saruji
na jokofu la bi harusi lililoviringwa mablanketi.
Mwenye jokofu hakulala. Alilishika mguu
kama mtu aliyeshika ng'ombe mnadani.
Kulikuwa na mayai trei arobaini, mbuzi mmoja,
pikipiki ikienda kisiwa kisicho na barabara,
na mimi, Kornelis wa ofisi ya ardhi:
begi la fomu, utepe wa mita hamsini,
na kipimio kinachosemezana na nyota za bandia.

Mkuu wangu amebandika ukutani:
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Mimi ndimi daftari. Nikashuka majini,
maana Ohoirasan haina gati;
suruali ikalowa hadi kiunoni, watoto wakacheka,
na begi likapita juu ya vichwa vya watu nisiowajua,
mkono kwa mkono,
likafika kavu kuliko mimi.

"Mpaka wako uko wapi, Mama Paskalina?"

Akatema tambuu. Akavaa kandambili moja,
ya pili hakuiona, tukaenda.
"Hapa, kwenye mkungumanga. Bibi yangu aliupanda
siku baba alipoota jino.
Kisha jiwe hili. Usilikanyage, lina jina."
"Kisha wapi?"
"Kisha pale alipoanguka Melki na pakacha la karafuu,
akavunjika mguu, akamlaani Ambros,
na tangu hapo Ambros hapiti."
Kipimio kikalia. Nikaandika: nukta ya tatu.
Fomu haina nafasi ya laana.

Tukafika ufukweni. Nikakunja utepe.
Yeye akaendelea kutembea,
maji magotini, maji mapajani, shuka ikimvimba kama puto,
mpaka kwenye kisiki kinachochungulia
bahari ikitoka.
"Jikoni kwetu. Hapa ndipo nilipozaliwa.
Bahari iliazima, mwaka ule wa tetemeko.
Kuazima si kununua. Andika."

Nikamweleza sheria. Nilieleza vizuri, kwa vifungu.
Alinisikiliza kama mtu asikilizavyo redio ya jirani.
"Na jina la mwenyewe?"
Akaanza kutaja. Akataja wafu kumi na wanne,
akataja mjukuu ambaye bado yumo tumboni,
akajitaja mwisho, kwa sauti ndogo, kama mgeni.
Mstari wangu ulikuwa na visanduku thelathini.

Asubuhi ya kuondoka alimtuma Domi juu ya mnazi.
Kikashuka kilele: kuti changa, rangi ya siagi.
Kwao kuti likifungwa kwenye mti hakuna achumaye.
Hakuna askari, hakuna kufuli,
hata mwizi hupita akitazama upande wa pili.
Hulifungua aliyelifunga, basi.
Alilifunga kwenye mpini wa begi langu, mafundo mawili.
"Njiani kuna watu," akasema.

Na kweli watu walikuwapo. Meli ilijaa hadi ngazini.
Nililala kama gogo, begi likiwa njiapanda ya miguu,
na wachukuzi wa Tual, wanyakuao hata mwavuli wa padri,
waliliona
wakarudisha mikono mifukoni.

Sasa ni juma la tatu. Kuti limekauka,
linapukutika juu ya meza, na mfagiaji
hufagia kulizunguka.
Mkuu huja kila asubuhi: "Kornelis, faili la Ohoirasan?"
Namwonyesha begi.
Mama yake mkuu ni wa kisiwa cha pili kutoka pale.
Hulitazama fundo. Hukohoa.
Hurudi kuketi chini ya maandishi yake.

Meli ijayo ni tarehe kumi na nane.
Nimejaza ombi la safari, nakala tatu.
Penye neno "sababu"
nimeandika: kwenda kufunguliwa begi.